Punda Aliyeitika kwa Kichwa

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo halafu nikaweka kalamu chini nikasubiri, mjinga mimi, kana kwamba marahaba yako ingejitokeza yenyewe kwenye mstari wa pili. Haya. Naendelea.

Naandika nikiwa nimekalia dumu nililolipindua hapa uani kwako Nyarugusu, daftari la Limi likiwa magotini. Ni Ijumaa, alasiri. Bwana Afya, punda wako, yuko mbele yangu kwenye kivuli cha mwarobaini. Sijamfunga, maana haendi popote. Kesho asubuhi linakuja gari kumchukua. Kaka Maduhu anavyojua, gari hilo ni la yule mnunuzi anayepita akikusanya punda wasiofaa tena kwa kazi, yule ambaye ukimuuliza anawapeleka wapi anatazama pembeni. Kaka ameshaelewana naye. Mimi nami nimeelewana na gari jingine, la kumpeleka kwetu Didia kwa shangazi, akale na kulala mpaka siku zake ziishe. Kaka hajui. Nimeamua, Baba, ila sijasema, na ndiyo maana siwezi kukaa. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu. Mara ya mwisho nilikwenda kuangalia maharage ambayo hata sijayabandika.

Wewe ndiye uliyeniita Milembe, yaani amani, na tangu siku hiyo sijawahi kutulia. Ulikuwa ukisema jina lilinipita kama mvua inavyoipita Didia.

Miezi minane sasa. Nikupe habari za huku, maana ulikuwa hupendi kuzikosa. Karasha ya bondeni, ile ya kusaga mawe ya dhahabu, imehamishwa, sasa iko juu, kwa hiyo maji yanapandishwa ule mlima wa kanisani wenye mawe. Nyumba ya jirani imeezuliwa na upepo, wameipaua upya kwa bati za bluu. Mama Rehema amepaka duka lake rangi ya kijani, anasema ile ya zamani ilikuwa inafukuza wateja. Na guta zimeingia. Guta za maji, Baba, za magurudumu matatu, zinabeba kuliko punda wawili na hazichoki. Ila hazisalimii. Zinapiga honi tu, mtu anatoka na ndoo yake, anajaziwa, basi. Ungezichukia.

Maana wewe maji ulikuwa unayauza kama sababu ya kwenda kusalimia. Nyumba kwa nyumba, kutoka kisimani mpaka kwenye karasha, hukupita mlango bila kusimama. "Mwangaluka!" Na mwenye nyumba akitoka, hamkuachana mpaka muulizane ng'ombe, mvua, watoto, mgonjwa wa juzi, na mgonjwa wa mwaka jana ambaye alishapona. Punda akazoea. Akisikia tu mwangaluka anasimama mwenyewe, na hasogei hata ukimvuta masikio, mpaka asikie ukiaga: "Haya, wabeja." Hapo ndipo anainua mguu. Wachimbaji wakacheka, wakasema huyu kazi yake ni moja na ya bwana afya anayekagua vyoo, hakuna nyumba anayoiruka. Jina likamganda. Hata mimi sikumbuki kama alikuwa na jingine.

Ulipotutoka, tulikusindikiza Didia, tukakulaza karibu na bibi, tukarudi. Wiki ya pili nikaacha sufuria zangu za mama lishe kule mwaloni wanakooshea dhahabu, nikashika mkokoteni wako. Watu walinicheka kidogo. Mwanamke na punda! Sikujali. Mkono wangu uliposhika ule ubao mahali palipolainika kwa kiganja chako, nilijisikia kama nimepata kazi ya serikali.

Sasa nikwambie kilichonikosesha raha. Nimekizunguka ukurasa mzima.

Siku zile za kwanza, Bwana Afya alianza kusimama hata pale ambapo sijasalimia mtu. Tunafika mlangoni kwa mwalimu, anasimama. Tunafika kwenye kona ya fundi baiskeli, anasimama. Anatanguliza mguu wa kushoto mbele kidogo, kama mtu anayepigwa picha, anashusha masikio. Na akiwa anatembea, akikaribia nyumba, anatikisa kichwa. Juu, chini. Juu, chini. Watu wakaanza kusema, "Jamani, anaitikia salamu!" Mwingine akasema, "Anamtafuta mzee." Mama mmoja wa pale karibu na kisima alilia kabisa, akajifuta kwa kanga. Vijana wanaochimba maduarani wakawa wanatoka na simu kumpiga picha, wanamwita kwa mbali, "Bwana Afya, mwangaluka!" naye anakuja akitikisa kichwa, wanashangilia.

Na mimi nikaamini, Baba. Si kwamba niliamini tu, nilijivuna. Nilikuwa nasimulia mwenyewe, kila siku naongeza chumvi. Nasema, mnyama huyu ana moyo kuliko binadamu, anamlilia baba yangu mlango kwa mlango. Kulikuwa na siku nilirudi nyumbani nikalia kwa furaha, kwamba nimepata mwenzangu wa kulia naye. Maduhu yeye halii, unamjua. Kwa hiyo nilikuwa nalia na punda.

Kumbe.

Nimeinuka tena. Nimempelekea maji, hakuyataka. Nimerudi.

Ilikuwa kwenye ule mlima wa kanisani. Tulikuwa na madumu kumi na mawili. Hapo napo nina neno. Nakumbuka mwaka wako wa mwisho ulishusha mzigo, ukawa unabeba madumu manane. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Wateja wamepungua." Wateja hawakuwa wamepungua, nimewakuta wote. Mimi nikajisemea moyoni kwamba mzee amezeeka, amekuwa mvivu, nikayarudisha yakawa kumi na mawili. Basi katikati ya mlima Bwana Afya akasimama. Nikasema, wabeja. Hakwenda. Nikasema tena, kwa sauti. Hakwenda. Pale hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mtu wa kusalimia. Watu wa karasha walikuwa wananipigia kelele wanataka maji. Nikachukua fimbo. Nilimchapa, Baba. Mara mbili. Wewe hukuwahi kumchapa, na mimi nilimchapa mara mbili, na ya pili ilikuwa ya nguvu. Akajaribu. Alipiga hatua moja, magoti ya mbele yakakunjika, akaanguka na mkokoteni ukamburuta kurudi nyuma mpaka gurudumu lilipokwama kwenye jiwe. Maji yote yakamwagika yakateremka mlima mzima.

Tulimfungua, tukamshusha polepole. Kesho yake akaja bwana mifugo wa kata na pikipiki yake. Ni kijana mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Nikamsimulia kwa kirefu: jinsi punda alivyo na majonzi, anavyosimama kwenye milango ya marafiki wa marehemu, anavyoitikia kwa kichwa. Aliniacha nimalize. Kisha akaniomba nimtembeze hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Akaangalia. Akachuchumaa, akauinua ule mguu wa kushoto, akaubonyeza kifundoni, na Bwana Afya akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa punda.

"Mama Limi," akasema, "huyu hasalimii mtu. Huyu anaumwa."

Akanieleza. Mnyama akiumwa mguu wa mbele, anapoukanyaga ule mbovu anainua kichwa ili aupunguzie uzito, na anapokanyaga ule mzima anakishusha. Juu, chini. Juu, chini. Njia nzima alikuwa akifanya hivyo, si milangoni tu. Ila njiani hakukuwa na mtu wa kuitikiwa, kwa hiyo sikuona. Na ule mguu aliokuwa akiutanguliza akisimama, alikuwa anaupumzisha. Kwato zilikuwa zimerefuka, moja imepasuka, na kifundo kina uvimbe wa zamani. Aliuliza nani huwa anamkata kwato. Nikasema, baba yangu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikutania Jumapili, ukikaa na kisu chako na tupa, mguu wa punda umeulaza pajani? "Baba unampunguza kucha kama bibi harusi." Ulikuwa unacheka. Ile tupa ninayo. Miezi minane nimeitumia kunolea jembe.

Bwana mifugo alisema atampa dawa ya maumivu na atazichonga kwato, lakini kifundo hakitarudi kuwa kama kilivyokuwa. Atatembea, atakula, mkokoteni basi. Halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Alisema uvimbe ule si wa miezi minane. "Huu ulianza mapema zaidi, mama. Mwaka, labda na zaidi. Aliyekuwa naye kabla yako lazima alijua."

Kwa hiyo ulijua. Madumu manane. Hukuniambia.

Nilikasirika. Siku mbili nilikuwa nikikugombeza humu kichwani, nikifua, nikipika, nikisukuma ule mkokoteni kwa mikono yangu mwenyewe ili wateja wasihamie kwenye guta wote. Nasema, mzee gani huyu, anafika mlango wa kila mtu kuuliza habari za mbuzi wa watu, halafu binti yake hamwambii kwamba punda ni mgonjwa! Siku ya tatu nikafika kwa Mama Rehema nikitweta. Unamjua, asili yake Kigoma lakini anaongea kama mtu wa pwani, neno moja moja, hana haraka. Akanitazama, akasema nikae. Nikasema sina muda. Akasema, "Na baba yako alikuwa akisema hivyo hivyo, lakini alikuwa akishika ukuta."

Nikamuuliza ukuta gani.

"Huu hapa. Milembe mwanangu, baba yako alikuwa mtu wa salamu, sikatai. Lakini ule mwaka wa mwisho salamu zilizidi. Ataniuliza hali yangu, ataniuliza ya biashara, ataniuliza ya ndugu zangu wa Ujiji asiowajua hata mmoja. Na mkono uko hapa ukutani, kifua kinapanda kinashuka. Nikimwambia mzee Maganga keti nikupe maji, ananambia mhola, mhola tu. Mpaka rangi ilibanduka pale alipokuwa akishika. Nimepaka juzi."

Akanionesha mahali. Kijani tupu, hapana alama. Nikaweka kiganja changu pale alipoonesha, na mkono ukafika chini kuliko nilivyotarajia. Ulikuwa unainama, Baba.

Kwa hiyo nani alikuwa akimsimamisha nani? Punda alikuwa akikusubiri umalize salamu, au wewe ulikuwa ukisalimia ili punda apumzike, au nyote wawili mlikuwa mnapumzika na kijiji kizima tunawaita wacheshi? Sikupata jibu na najua hutanipa. Nilikaa pale kwenye benchi la Mama Rehema nikalia mpaka wateja wakaacha kuingia.

Unajua kosa letu? Siku bibi alipofariki ulinipigia simu. Ulisema, "Habari za huko?" Nikasema nzuri, za kwenu? Ukasema, "Mhola, salama kabisa. Bibi yako ametutoka asubuhi hii." Ndivyo tulivyo. Tunatanguliza salama, halafu ndipo tunasema nyumba imeungua. Sina ugomvi na hilo, ndiyo adabu tuliyolelewa. Lakini ndiyo maana mtu akishajibu mhola unatakiwa ungoje, usiondoke, maana habari yenyewe inakuja nyuma. Mimi nilikuwa nakupita pale mwaloni asubuhi na beseni langu la wali kichwani. "Shikamoo Baba, umeamkaje?" "Mhola, mwanangu." Na mimi huyoo, nimeshafika kwenye sufuria zangu. Sikuwahi hata siku moja kungoja sehemu ya pili.

Labda hata ningengoja usingeisema. Labda. Lakini sikungoja.

Maduhu hataki kusikia haya. Jumatano tulikaa hapa uani, nikamwambia tumpumzishe. Kwanza hakuelewa, alidhani namaanisha wiki moja. Nilipomwambia moja kwa moja mpaka kufa kwake, alicheka vibaya. Alisema punda hapumzishwi, punda anafanya kazi mpaka inapoisha, halafu anakwenda zake. Na si mtu mbaya, kaka yangu, wewe unamjua. Ana duara lake ambalo halijatoa kitu tangu masika, ana watoto, na anaona nataka kulisha mdomo usio na mkono. Alisema jambo ambalo sikuweza kulijibu pale pale: "Baba mwenyewe hakustaafu, seuze punda!" Akaondoka. Alhamisi akaniambia mnunuzi anakuja Jumamosi.

Nikampigia shangazi. Nikasema, shangazi, nakuletea punda. Akafurahi, akauliza ataanza kazi lini, maana kisima cha Didia kiko mbali. Nikasema hafanyi kazi, ni kilema. "Sasa anakuja kufanya nini?" Nikasema, hafanyi kitu, shangazi. Anakaa tu. Kisha akasema, "Mwache aje. Hata mimi sifanyi kitu, na bado wananiletea uji."

Jua limeanza kushuka nyuma ya kanisa. Kaka atapita hapa akitoka duarani, na mimi lazima niseme. Naogopa kama mtoto aliyepoteza hela ya unga. Naiweka kalamu.

*

Jumapili.

Nilisema. Nilimngojea getini nikamwambia kabla hajanisalimia, maana nilijua salamu ikianza nitajificha humo. Nikasema, gari la mnunuzi lisije, nimepata lori linalokwenda Kahama kuchukua mpunga, litampitisha hadi Didia. Kaka alisimama na sululu yake begani, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akarudia yale yale, kwa sauti ya chini sasa: "Milembe, hata Baba hakustaafu."

Nikasema, "Ndiyo maana."

Sikuwa nimelipanga hilo neno, limetoka tu. Alimwangalia Bwana Afya muda mrefu, akamwona anavyoutanguliza ule mguu. Nikamweleza ya ukuta wa Mama Rehema, jinsi mkono ulivyofika chini. Kisha akasema ulimwita mara moja, mwezi mmoja kabla hujatutoka, ukamwomba akusaidie kupandisha mkokoteni ule mwinuko wa kutoka kisimani, naye akakwambia anakuja, halafu watu wake wakagonga jiwe lenye dalili ya dhahabu akabaki kule chini hadi jioni. Alipotoka ulikuwa umeshapandisha mwenyewe. Alikuuliza, ukasema mhola. Miezi minane kaka alikuwa na hilo tumboni, Baba. Na mimi nilikuwa nasema halii.

Akaniachia sululu, akaondoka. Nilifikiri amekasirika. Kumbe alikwenda kumpigia mnunuzi, na Jumamosi asubuhi na mapema alikuja na mabanzi na viroba vya mchanga, akatengeneza ngazi ya mteremko nyuma ya lori, akaikanyaga mwenyewe kwanza kuijaribu, huku na huku, kama anayejaribu kitanda cha kununua. Bwana Afya alikataa kupanda. Tulimvuta, tukamsukuma, dereva akaanza kuguna. Watu walikuwa wameshajaa, unajua watu wa hapa, wengine na simu zao. Ndipo Maduhu akaninong'oneza, "Msalimie. Mpaka mwisho, kama Baba."

Nikamsalimia. Mbele za watu wote, punda. Mwangaluka. Ng'ombe hawajambo? Mvua? Watoto? Nikamuuliza na mguu. Hakuna aliyecheka. Nilipofika mwisho nikasema, haya, wabeja, na akainua mguu wake, akapanda ule mteremko hatua kwa hatua, anachechemea, kichwa juu, chini. Na safari hii hakuna aliyesema anaitikia.

Kaka amekwenda naye. Alisema dereva hajui kumnywesha. Jana jioni alipiga simu kutoka Didia, akaniambia wamefika, shangazi amemtazama akasema, "Kumbe mzee mwenzangu," na wamemwachia atembee uwanjani. Kwa hiyo ukisikia mtu anatafuna majani juu yako, Baba, ni yeye, usishtuke. Maduhu amebaki huko mpaka kesho. Ameomba tupa. Nitaituma kwa basi.

Mimi nimebaki na mkokoteni mtupu na sijui nitaufanya nini. Pengine nitarudi kwenye wali wangu. Pengine nitatafuta punda kijana na nitampakia manane, si kumi na mawili. Leo asubuhi nilizunguka uani mara nyingi nikitafuta kitu cha kufanya, nikafagia pale alipokuwa akisimama, halafu nikajuta kupafagia. Utulivu haujaja. Nilidhani nikishaamua utakuja.

Lakini kuna jambo nimelifanya. Mchana nilipita kwa Mama Rehema, akaniuliza kama kawaida, "Hujambo mwanangu?" Mdomo ukafunguka kusema sijambo. Nikaufunga. Nikamwambia, bega la kulia linaniuma tangu nianze kusukuma ule mkokoteni peke yangu, silali upande huo, na mkono unakufa ganzi. Alivuta benchi. Nikakaa, Baba. Kesho ananipeleka zahanati, amesema atafunga duka.

Basi nikuage. Umeshapumzika, nami sitakuita tena kila ninapopanda mlima. Ila nakuahidi jambo moja, na shahidi ni ukuta wa Mama Rehema. Nikimsalimia mtu nitangoja mpaka amalize. Na mimi nikisalimiwa, nitaanza na ile sehemu ya pili. Hata leo, najua ungeniuliza, kwa hiyo nakujibu kwa utaratibu huo mpya: bega linauma, Baba, na nyumba yako haina mtu, na wewe nakutafuta kila kona.

Mengine yote mhola.

Mwanao,
Milembe